Mahojiano na Msemaji

Jumatatu, 3 Machi
Picha zangu za faragha zimesambaa. Alikuwa nazo mtalaka wangu, hakuna mwingine. Nimezikuta kwenye grupu la waandishi, kati ya tangazo la semina na mzaha wa mtu. Nilipoingia chumba cha habari, watu waligeuza simu zao. Mhariri aliuliza habari ya bomba lililopasuka itafika saa ngapi. Kabla ya saa tisa, nikasema. Imefika.

Jumanne, 4 Machi
Mdogo wangu amepiga. Amesikia kwa mumewe! Eti dada, nyamaza, moto usiochochewa huzimika wenyewe. Kisha akaniomba nisije kwake Jumapili – wakwe watakuwepo.

Jumatano, 5 Machi
Nilipiga simu kituo kinachosaidia waliosambaziwa picha. Aliyepokea aliuliza mimi nani. Ulimi una mazoea: jina, gazeti, cheo. Akaniunganisha na msemaji wao. Nikamhoji! Mama mchangamfu, anajibu bila kuzunguka. Usifute kitu. Hifadhi ushahidi kabla ya kuomba picha ziondolewe. Nenda polisi, ila usiende peke yako. Nikamshukuru, nikakata.
Makala ninayo. Msaada sina.

Alhamisi, 6 Machi
Mhariri ameipenda makala. Anataka sauti ya mwathirika mmoja. Alisema hayo akikitazama kikombe chake. Anajua.
Mpiga picha wetu huniita Bi Mkubwa na hudai natembea kama mdai kodi. Leo amenisalimia kwa heshima. Hilo ndilo limeniuma.
Usiende peke yako. Nimepitia majina yote kwenye simu. Walionisimulia siri zao ni wengi. Niliyewahi kumsimulia yangu sijamwona.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwenye kile kituo cha msaada. Peke yangu. Viti vya plastiki, feni inayolia. Msemaji alinipokea kwa mikono miwili.
“Karibu, dada mwandishi! Mpiga picha wako yuko wapi?”
Nikasema leo hakuna picha. Akacheka, akanikalisha ofisini kwake, akasogeza mafaili nipate pa kuweka kinasa sauti.
“Haya, mwanangu. Uliza.”
Nikaomba takwimu za mwaka jana. Ameenda kuzichapisha chumba cha pili. Naandika haya kwenye kiti cha wageni. Kinasa sauti nimekirudisha mkobani. Mlango nimeufunga, kisha nimeufungua kidogo.
Nasikia viatu vyake. Ataniuliza kinasa kiko wapi, nami nitasema leo sikuja kuhoji, nimekuja –