Kome wa Mto Wetu

Kwako Nekesa mjukuu wangu,

Huku Misikhu tuko salama, mahindi yanaendelea vizuri, na babako anakusalimu kutoka Kitale.

Uliniuliza mbona siku hizi nasugua vyungu ninavyofinyanga kwa kipande cha plastiki ili vilainike. Zamani tulitumia ganda la kome wa mtoni. Mama yangu, mfinyanzi, alitutuma tuokote maganda matupu peke yake. Siku moja nikaona uvivu kutafuta, nikapasua kome aliye hai. Ganda lilimeremeta sana, lakini mama alikataa kulishika. “Huyu si alikuwa bado anaishi?” akaniuliza, akaendelea na kazi yake. Sikurudia tena.

Nilipoolewa nikaanza kulima nyanya. Kila nikimaliza kupiga dawa ya kuua wadudu, bomba la kunyunyizia nilikuwa naenda kuliosha mtoni. Majirani walifanya vivyo hivyo, na hakuna aliyeona ubaya.

Baada ya barua yako nilishuka mtoni, nikatafuta kome asubuhi nzima. Nilipata matope tu.

Mama alinikataza kupasua kome aliye hai, nami nikatii. Nikawamaliza wote bila kumgusa hata mmoja.

Ni mimi kukhu wako,
mama wa babako.