Msununu wa Ngokolo

Jumamosi.

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na wote niliochimba nao dhahabu Geita, lakini leo neno moja limeniaibisha.

Juzi binti yangu Kabula alimwambia jirani, "Baba ni msununu." Nikadhani ni sifa ya mwanaume imara.

Basi leo wamekuja wageni wa kumposa, nikajipiga kifua. "Ngokolo nzima msununu ni mimi!"

Wakacheka. Mshenga akaniinamia, "Mzee wangu, msununu ni mtu wa kununa kutwa."

Nikanuna.

Kabula hakucheka, alikuwa anafuta machozi. Kumbe alisema kweli.

Shahidi wangu ni yeye. Ndiye aliyeishi na uso huu tangu mama yake afe.