Doa kwenye Makochi ya Velibor

Kijijini, Alhamisi, 21 Novemba

Mdogo wangu Velibor,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Gvozden, ambaye bado amekununia lakini salamu anatoa. Habari za Vienna? Mgongo wako vipi, bado unakusumbua ukipanda ngazi na ndoo ya plasta? Mkeo na watoto hawajambo? Huku kwetu baridi imeshaingia. Pilipili nyekundu tumeshazichoma na kuzisaga, chupa arobaini, na miplamu mwaka huu ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Nakuandikia barua kama watu wa kale kwa sababu simu yangu ukiiona unaikata. Dereva wa basi la Ijumaa la kuja huko kaniahidi atakupa mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Nianze na ule ugomvi wetu wa mwezi wa tisa. Desanka, binti wa baba mdogo, alikuja likizo akataka kuiona nyumba yako ya huku kijijini. Nikampa ufunguo. Akatoka mle na picha kwenye simu, na kabla hajamaliza kahawa yangu alikuwa ameshakutumia. Ukanipigia unafoka, ati makochi yako ya ngozi, meupe kama maziwa, yaliyotoka Italia kwa lori, yana doa jeusi. Ukasema ni Gvozden, anaingia na suruali yake ya gereji kutazama mpira kwenye televisheni yako kubwa. Ukasema niurudishe ufunguo, utamlipa mtu baki aitunze nyumba. Velibor, mimi nilikubeba mgongoni!

Gvozden nilimbana usiombe. Aliapa kwa roho ya mama yake kwamba hajawahi kuvuka kizingiti chako, akaongeza kwamba kwenye makochi yale mtu akikaa hujisikia yuko kwa daktari wa meno. Nikaenda kuangalia mwenyewe. Miezi mingi nilikuwa sijaingia, maana kazi ya kufuta makochi ni ya mama, na unamjua, hamwachii mtu. Mwaka juzi kasisi alikuja kubariki nyumba, na mama akambariki yeye kwa kumkalisha kwenye stuli ya jikoni.

Nikaifunua ile nailoni uliyoyafunikia makochi. Loo! Kwenye kiti kile cha mmoja, karibu na dirisha, palikuwa na doa la rangi ya masizi, la duara, lenye umbo la makalio ya mtu. Doa jingine mgongoni, na mengine mawili juu ya mikono ya kiti. Halikuwa doa la kumwagika kitu. Mtu alikuwa anakaa pale, siku baada ya siku, mpaka ngozi ikamnywa.

Hapa nikiri kosa langu la kwanza. Ile karatasi uliyobandika mlangoni nimeisoma mara mia: kitambaa laini cha pamba, maji kidogo tu, sabuni marufuku, spiriti marufuku, krimu kila baada ya miezi minne, pazia lifungwe jua lisiyageuze manjano, jinzi marufuku, paka marufuku. Lakini niliingiwa na kiwewe. Nikachukua rakia, ile pombe kali aliyoiacha baba, nikasugua. Doa halikutoka, iliyotoka ni rangi ya ngozi yenyewe. Sasa pana kiraka kinachokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na sebule ilinuka kilabu siku tatu. Unisamehe.

Jioni yake nilimweleza mama kwamba kuna mwizi wa kukaa. Aliendelea kukoroga pilipili kwenye sufuria, kanigeuzia mgongo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi mjinga sikuwaza kuangalia nguo.

Kesho yake asubuhi nikajificha kwenye stoo yako, nina mwiko mkononi, namsubiri mwizi. Saa nne ufunguo ukazunguka. Akaingia mama. Akavua viatu, akabaki na soksi za sufi. Akachukua kile kitambaa cheupe akafuta seti nzima, kochi refu, la wawili, na viti, taratibu, kama ulivyoagiza. Halafu akavuta nailoni ya kile kiti, akakaa. Miaka kumi na moja tangu baba afariki mama havai ila nyeusi, na gauni lile alilitia rangi mwenyewe kwenye sufuria la uani. Ulikataza jinzi, ukakataza paka. Nguo ya mjane hukuikataza.

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Nilishaanza kutunga jinsi nitakavyokusimulia. Ndipo nikamwona anatoa leso mfukoni, anaikunja, anaitia mdomoni, anaing'ata. Akajikunja, mikono tumboni, akaanza kugumia. Velibor, ile sauti sijawahi kuisikia kwa mtu. Ilitoka mle ndani ya leso kama ya mnyama aliyenaswa. Mwiko ulinianguka. Nikashindwa hata kufungua mlango wa stoo.

Nilipotoka hakushtuka. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nisikuambie amekaa. Nikamuuliza tangu lini ana maumivu. Akasema tangu Pasaka. Nikamuuliza kwa nini anakuja huku. Akanishangaa kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto: kwake ukuta ni mmoja na wangu, akigumia ningesikia, nikisikia mimi utasikia wewe, na wewe utaacha kazi. Lakini nyumba ya Velibor, akasema, ina ghorofa tatu na hamna mtu wa kumsikia. Mdogo wangu, nilikaa chini, hapo hapo sakafuni, nikalia.

Tulimpeleka hospitali ya mjini. Daktari kijana, mpole, alinivuta kando akaniambia uvimbe umeanzia tumboni, sasa uko kwenye ini, na hakuna wa kuukata. Nikauliza mpaka lini. Akasema sikukuu ya Mtakatifu Nikola, hiyo ya mwezi ujao, hataiona. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamrudishia swali, akanijibu vile vile.

Sasa nakuja kwenye lile linalonichoma. Mama aliniapisha kwa kaburi la baba nisikuambie, nikaapa. Kila Jumapili ulipompigia, mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni, nikimfuta jasho huku anakwambia yuko buheri wa afya. Jumapili iliyopita hakuweza. Nikapokea mimi, nikakudanganya kwamba ameenda kanisani, nawe ukakata. Leo asubuhi amenifungua kiapo mwenyewe. Aliuliza ni siku gani, kisha akasema nikuandikie.

Na la mwisho ni hili. Wiki ya tatu sasa mama yuko sebuleni kwako. Chumba chake kina unyevu, na jiko la kuni lilikuwa linamkohoza. Mimi ndiye niliyeamua, usimlaumu mwingine. Nailoni zote nimetoa. Karatasi yako nimeibandua. Nimewasha mabomba ya joto nyumba nzima na kufungua mapazia, kwa sababu anataka kuona geti. Analala kwenye kochi refu, na aliyembeba mikononi kumleta ni huyo huyo Gvozden wa suruali ya gereji. Jua limeshaanza kulipaka umanjano upande mmoja, na dawa zimemwagika mara mbili. Kila asubuhi mama ananiuliza kama doa la kile kiti limetoka. Namwambia limetoka, lote, huwezi hata kujua lilikuwa wapi. Nimekitupia shuka asikione. Ukiingia, usilitoe shuka lile.

Makochi nitakulipa, au hayalipiki, sijui, tutagombana baadaye, tuna miaka mingi ya kugombana. Yeye hana. Jana alimsikia Gvozden akifunga geti, akajikaza kuinuka, akajitengeneza kilemba. Alipoona si wewe akasema tu kwamba upepo ni mkali.

Wasalimie wote nyumbani kwako, na mkeo mwambie aje pia ikiwezekana. Gvozden anasema geti ataliacha wazi. Mama anakusalimu sana. Anasema uvae vizuri njiani, na usiendeshe gari kwa kasi.

Mimi dada yako nakwambia kimbiza gari.

Persida