Dakika mbili za Baba

Prativa, niko hospitalini hapa Lalitpur. Baba amepata kiharusi. Anapumua, lakini haongei.

Daktari aliniuliza, "Kilianza saa ngapi?" Nikafungua simu nikamwonyesha. Saa nane na dakika kumi.

Unaijua ile saa ya kwenye simu inayohesabu muda wa kazi yangu ya tafsiri, nikiinuka lazima niisimamishe. Baba alikuja mlangoni akasema, "Binti, mkono umekufa ganzi. Gilasi ya chai imenidondoka." Nikaisimamisha. Nikafuta chai, nikamwambia, "Umeulalia huo, Baba. Kajinyooshe kidogo." Nikaiwasha tena.

Dakika mbili, Prativa. Imeandikwa humo, mapumziko dakika mbili.

Nikatafsiri saa tatu nzima. Tena nilifurahi, nikasema leo hanisumbui.

Nilimkuta sakafuni kando ya kitanda, macho wazi, ananitazama.

Daktari anasema ningemleta mapema wangemsaidia zaidi. Hakunilaumu. Alisema tu.

Na unajua Baba aliniambia nini alipokuwa anatoka chumbani kwangu? Aliniambia, "Haya mwanangu, maliza kazi yako kwanza."

Sijaisikia sauti yake tena.