Kofia ya Mjukuu Iliyosimama Yenyewe

Baba Mwende,

Tangu tukuzike pale kando ya shamba sijawahi kukuandikia, lakini leo acha chochote unachofanya huko unisikilize, maana nina habari na siwezi kuikalia. Nimejifunza kufuma. Ndiyo, mimi. Kwa sindano mbili ndefu na uzi wa sweta, kama wale akina mama wa kanisani uliokuwa ukisema wanapigana na hewa. Sasa napigana nayo mimi, na nashinda.

Wacha nianze na kilichonipeleka huko. Kyalo wetu amepata mtoto, mvulana. Mkewe, Ndunge, alijifungua kabla miezi haijatimia, kule Kibwezi wanakolima nyanya, na mtoto akatoka mdogo hadi nikaogopa kumwangalia. Hospitalini wakamweka kwenye mashine ya joto. Nesi akaniita Susu, kama mjukuu anayemwita nyanya yake, akasema, "Joto la huyu mtoto linapotelea kichwani. Mtafutie kofia laini." Nikazunguka maduka ya Kibwezi yote. Kila kofia niliyoiona ingemmeza mpaka mabegani.

Lakini aliyenichoma zaidi ni Kyalo. Unajua mtoto wake wa kwanza wa kiume ni jina lako, hapo hakuna mjadala. Nikamuuliza kama ameshampa. Akatazama chini. "Mama, tungoje kwanza arudi nyumbani." Nikaelewa anachoogopa: kulizika jina hilo mara ya pili. Nikarudi zangu Kathonzweni nikiwa nimeamua kwamba kofia itapatikana, na mwenye kuitengeneza ni mimi.

Wewe unanijua kwa viondo, vile vikapu vyangu vya mkonge. Unakumbuka ulivyokuwa ukivipima? Nikimaliza kimoja unakijaza mawele, unakitikisa juu ya uwanja uliofagiwa, halafu unainama kutafuta kama kuna punje iliyopenya. Hukuwahi kupata hata moja. Unasimama, unajipangusa magoti, unasema, "Huyu mwanamke anakaza," na mimi najifanya sijasikia huku nimejaa furaha mpaka masikioni. Jioni tunakaa nje, wewe unapukuchua ndengu, mimi nasokota mkonge pajani, na tunasema watu. Nilizipenda sana zile jioni zetu.

Basi nikadhani kufuma ni jambo dogo. Nikaenda kwa Halima, mama mmoja ambaye watu wake ni wa Garissa, aliyefungua duka la nyuzi na vifungo hapa sokoni baada ya wewe kwenda. Akanichagulia uzi wa rangi ya maziwa, akanionyesha jinsi ya kupanga vitanzi kwenye sindano moja, kisha unachomeka ya pili, unazungusha uzi, unatoa kitanzi kipya na kuachia cha zamani. Ni hivyo tu, safu baada ya safu. Nikamwambia nimeelewa, nikaondoka kabla hajamaliza kuongea.

Nyumbani nikautazama ule uzi nikaona ni dhaifu. Unajua nilifanya nini? Nilipaka jivu pajani nikausokota, nyuzi mbili zikawa moja, vile tunavyofanya mkonge. Halafu nikafuma nikivuta kila kitanzi kwa nguvu zangu zote, sindano zikawa zinalia. Nilijisifu, nakwambia. Kesho yake nikaipeleka kwa Halima, nikaiweka juu ya kaunta, na kofia ikasimama yenyewe.

Halima akaigonga kwa kidole. "Mama Mwende, hii unampelekea mtoto ama unaenda nayo kuteka maji?"

Nilicheka mpaka watu wa duka la pili wakaja kuangalia kuna nini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu uende.

Kisha akanikalisha kwenye kiti chake. "Shida yako si kwamba hujui," akasema. "Mkono wako umezoea kukaza. Hii unairegezea, ipumue." Kusema ni rahisi. Mkono huu umekaza tangu nikiwa msichana, na ulipotuacha nikakaza zaidi: shamba nikakaza, watoto nikakaza, hata machozi nikayakaza. Leo mtu ananiambia niregeze. Halafu kila kitu ni kinyume. Kiondo tunaanzia kitako tunamalizia mdomo, lakini kofia inaanza na mdomo, inakuja kufungwa utosini. Kiondo unazunguka nacho tu bila kurudi nyuma, lakini hii ukifika mwisho wa safu unageuza, unarudi ulikotoka. Nilidondosha vitanzi, nikafumua, nikaanza upya, na kila nikivuta Halima ananipiga kidogo mkononi: "Regeza."

Halafu ikaja, Baba Mwende. Tulikuwa mlangoni kwa duka lake tukiongea habari za mvua, nikaangalia chini nikaona mikono inaenda peke yake, na kitambaa kimeteremka mapajani, laini, ukikivuta kinakuja, ukikiachia kinarudi. Nilimkatiza Halima katikati ya maneno yake. Nilitaka kukimbia nikuonyeshe. Nilitaka ukijaze mawele yamwagike yote, uinuke hapo ukitikisa kichwa.

Jana nilikuwa Kibwezi. Mtoto ameongeza uzito, wamemtoa kwenye joto na kumfunga kifuani kwa mama yake. Nikanawa mikono, nikamvisha. Kofia ikapita bila kulazimishwa, ikatulia juu ya nyusi. Nesi akaingiza kidole pembeni kupima, akasema, "Hii ndiyo nilikuwa nataka." Akaongeza kwamba daktari amewaruhusu, wataenda nyumbani wiki hii. Kyalo akasimama hapo akimtazama mwanawe, halafu akanigeukia. "Mama, mwite jina lake wewe."

Sasa wewe unajua mimi sijawahi kulitaja jina lako. Miaka yetu yote ulikuwa Baba Mwende, hata nikikukasirikia, hata siku ya kukuzika. Ulimi ulikuwa mgeni kabisa kwa jina hilo. Nikainama karibu na ile kofia nikasema, "Mutiso."

Ukapiga chafya, wewe wa kifuani kwa Ndunge. Kofia haikusogea.

Basi pumzika, mume wangu mkubwa. Mume wangu mdogo anataka soksi, na miguu yake haiwezi kungoja.

Mke wenu,
Mama Mwende