Mguu wa Chiriku

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada yangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Bega lako limepoa, au bado linakusumbua baridi ikizidi? Shemeji na watoto je? Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Mioyo ndiyo taabani.

Usijilaumu kwa kukosa mazishi, safari haikuwa mikononi mwako. Tangu Chiriku wetu atutoke, nyumba imenyamaza. Unamjua mwanangu, mdomo haukupumzika kama redio ya kinyozi.

Uliniuliza kwenye simu mguu wake wa bandia uko wapi, nikajifanya sikusikia. Nakujibu sasa.

Kazi yangu pale karakanani ni kupika miguu iliyochakaa. Hutengenezwa kwa nyuzi nyeusi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Tunautia mguu kwenye chungu cha chuma chenye maji, tunakaza kifuniko kwa bolti. Maji yanapata moto kupita ule wa kuchemka, lakini yamebanwa, hayana pa kutokea, basi hasira zake zote huishia kwenye gundi. Gundi inayeyuka, nyuzi zinabaki laini, tunazitengenezea mguu mwingine. Chiriku kila alipokua tulipika ule wa zamani. Alikuwa akinisumbua, "Baba, mguu wangu haujaiva tu?"

Juzi fundi mkuu aliniambia nyuzi zimekwisha na kuna mtoto anasubiri. Hakunilazimisha. Nilimuuliza wifi yako, akasema, "Peleka tu. Mguu si wa kukaa kabatini." Nikaupeleka. Nilikaza bolti mwenyewe huku nalia, wenzangu wakajifanya wanafagia.

Nyuzi zilitoka safi kabisa. Niliomba fungu dogo nimpelekee mama yake, nikidhani nitamfariji. Alilipeleka puani. Akaligeuza, akalinusa tena. Kumbe kila asubuhi nikishatoka, alikuwa akifungua kabati na kunusa ndani ya ule mguu, pale goti la mwanawe lilipokuwa likitoa jasho. Sikujua, dada. Naye hakuwa amesema hadi siku hiyo.

"Linanuka maji tu," akaniambia, akalala akitazama ukuta.

Nisalimie shemeji, wanao, na yule jirani yako mshonaji. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake. Ukipiga simu, ongea na wifi yako kwanza. Habari za mguu usimuulize.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kaka yako, baba yake Chiriku.