Gia ya Kupandia Mteremko Wetu

Nyumba ya juu kabisa,
Mwisho wa mteremko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi ni wazima, na mimi nina furaha mpaka naona haya. Mwezi wa pili huu wa ndoa, na nikisikia hatua zake ngazini bado nakimbilia kioo!

Ila leo naandika kwa hasira, na inahusu zawadi yako ya harusi.

Baiskeli ni nzuri sana, lakini gia yake ya mbele, ile sahani yenye meno inayovuta mnyororo, ina meno arobaini na nane. Kila jioni nikitoka kwenye cherehani na furushi la sare za shule, mlima hunishinda, hushuka na kuikokota mpaka nyumbani. Mume wangu alikaa sakafuni na penseli, akahesabu meno ya mbele na ya nyuma, akaamua: mbele yatoshe thelathini, maana meno yakipungua pedali huwa nyepesi mlimani, na mikono ya pedali iwe mifupi kwa kuwa mimi ni mfupi. Akasema, "Mke wangu hatashuka njiani." Shangazi, kuna neno tamu kuliko hilo?

Akanunua vifaa, akampelekea fundi wa baiskeli, anayejiita Bingwa. Bingwa akamcheka mbele ya wateja: "Bwana harusi, hiki ni kisahani cha kikombe? Shemeji ataachwa na kobe!" Mume wangu, mpole kama maji ya mtungini, akacheka nao. Akarudi na meno hamsini na mbili, na mikono ya pedali mirefu mpaka magoti yangu nusura yanigonge kidevu!

Nani alimwambia fundi yule kuwa mlima hupandwa kwa mdomo? Na mume wangu nilimnunia, mara yangu ya kwanza. Aibu yake mbele ya wanaume ilizidi miguu yangu?

Asubuhi nikamshika mkono mpaka kwa Bingwa. Nikafunga furushi kwenye keria. "Haya kaka, panda mlima wetu wewe."

Alianza kwa mbwembwe. Kona ya kwanza akasimama juu ya pedali. Ya pili akashuka, eti anafunga kamba za viatu. Naye amevaa ndala!

Hapo mume wangu akasema, mbele ya wateja wale wale, "Fungua hiyo. Weka niliyomletea mke wangu. Nasubiri hapa hapa." Hasira zangu kwake zikayeyuka. Kwa Bingwa ninazo bado, maana hata pole hakusema.

Nisalimie Baba Mkubwa, Bibi, na binamu zangu wote, hasa Kijiko. Mungu akutunze, na goti lako lipone kama yalivyopona yangu.

Sasa napanda mpaka mlangoni bila kushuka, polepole kiasi kwamba mume wangu hutembea kando yangu, mkono kwenye tandiko, tukizungumza njia nzima. Bingwa bado anatuita kobe. Mwache. Nani ana haraka ya kufika?

Ni mimi, bibi harusi wako akupendaye daima.